Geuza Kwanza

Siku Mama Uzi alipopewa kofia nyeupe, aliruka kutoka jukwaani kama mtu aliyekanyaga siafu. Mhandisi alikuwa chini, kofia mkononi, na hata hakuwa amemaliza kusema "utasimamia wewe hadi Jumamosi, tukuone," pale pimamaji, kipimo chake cha usawa, ilipomponyoka Mama Uzi kwapani ikagonga jiwe. Hakuna aliyejali. Mafundi kumi na wawili walikuwa wakipiga makofi na miluzi, wengine kwa furaha, wengine kwa sababu jirani akipiga makofi mikono yako nayo huwashwa. Aliiokota, akaifuta vumbi kwa kiganja, akavua kofia ya njano aliyoivaa miaka tisa, akaivaa nyeupe. Ilimpwaya kidogo. Akaikaza.

Lilikuwa jengo la shule, madarasa manne, kuta ndiyo kwanza zinafika magotini, isipokuwa kona moja aliyoipandisha Mama Uzi mpaka ikahitaji jukwaa. Msimamizi wa awali alikuwa amehamishiwa kwingine. Jumamosi mhandisi angekuja kukagua. Kuta zikipita, Mama Uzi angeachiwa jengo hilo na lile la pili litakalofuata. Zisipopita, angerudi kwenye kofia ya njano na kusikia kila asubuhi kwamba mwanamke alijaribiwa akashindwa, maana pale hakuna mwanamke aliyewahi kuivaa nyeupe. Jina la Mama Uzi walimpa mafundi wenyewe, kwa kuwa kozi zake, yaani mistari ya matofali, zilinyooka kama uzi uliovutwa.

Alikwenda nyumbani na kofia kichwani, njia nzima, jua limeshapoa na hakuna tofali hata moja la kumwangukia.

"Karibu, mheshimiwa," mumewe alimpokea barazani, bila kuondoa kioo chake cha kukuzia jichoni. Alikuwa fundi saa, na meza yake ya kazi ilikaa papo hapo barazani, imejaa vidude vidogo kama punje za mtama. "Tukupigie saluti kwanza au tukupe maji ya kuoga?"

"Vyote viwili."

Binti yao wa miaka saba aliinyakua kofia akakimbia nayo uani. Mdogo wa mume, ambaye naye alikuwa fundi mwashi palepale kazini na aliishi nao kwenye chumba cha nje, alisimama mlangoni akicheka mpaka macho yakapotea. "Shemeji, kesho tukikosea unatufukuza?"

"Wewe wa kwanza!"

Wakacheka wote. Hata mama mkwe, ambaye kicheko kwake kilikuwa kitu cha sikukuu, alijikuna shavu kuficha meno. "Kofia ni kofia," alisema. "Mvua ikinyesha zote zinalowa." Lakini usiku ule ni yeye aliyeifuta kwa kitambaa chenye maji na kuitundika kwenye msumari juu ya redio, mahali panapotundikwa vitu vya maana.

Sasa, kundi la Mama Uzi lilikuwa na mila yake, na mila hiyo alikuwa ameianzisha yeye. Asubuhi, kabla ya tofali la kwanza, kila fundi aliweka pimamaji yake juu ya ubao, akatazama kipovu cha hewa kimekaa wapi ndani ya kioo, kisha akaigeuza: ncha ya kulia iende kushoto, ya kushoto ije kulia. Kipovu kikirudi palepale, pimamaji inasema kweli. Kikihama, inadanganya, hata kama yenyewe haina nia mbaya. "Geuza kwanza," ndiyo ilikuwa salamu yao baada ya habari za asubuhi. Wageni waliwacheka. Kuta zao zilipokuwa hazirudiwi, wakaacha kucheka.

Jumanne asubuhi mafundi waligeuza. Mama Uzi hakugeuza. Alikuwa anasaini karatasi za saruji, anapokea simu, anaelekeza lori la mchanga lirudi kinyumenyume, na moyo unamdunda kwa raha. Msimamizi ana mengi. Tena, nani atamkagua mkaguzi? Alipomaliza alichukua pimamaji yake, ileile ya Jumatatu, akaanza kupita ukuta kwa ukuta.

"Huu umelala."

"Umelala, mama?" fundi aliuliza. "Nimeupima sasa hivi."

"Umelala. Inua upande wa kushoto."

Wakainua. Ukuta wa pili, umelala. Wa tatu, umelala. Mama Uzi alishangaa watu wamekuwaje wazembe ghafla, na lazima niseme ukweli, kwenye mshangao ule kulikuwa na utamu fulani. Kumbe bila yeye kazi ingeharibika! Sauti yake ikapanda. Kufikia jioni hakuna aliyemwita tena kwa jina walilompa, na yeye akadhani hiyo ndiyo heshima.

Jumatano ikafika zamu ya shemeji yake.

Kijana yule, mwenye miaka ishirini na sita na mikono isiyo na haraka, alikuwa amepima kona zake kwa mpira wa maji: bomba jembamba linaloonyesha ndani, unalijaza maji, mmoja anashika ncha huku mwingine kule, na maji yakitulia yanasimama kimo kimoja pande zote mbili. Maji hayajui nani amevaa kofia nyeupe. Mama Uzi aliweka pimamaji yake juu ya kozi ya nne, akatikisa kichwa.

"Bomoa kozi mbili. Rudia."

Alibomoa. Alirudia. Saa sita Mama Uzi akaja tena, akaweka, akatikisa tena kichwa. Mafundi walikuwa wameanza kusimamisha miko yao hewani.

"Shemeji," kijana alisema kwa sauti ya chini kabisa, "hebu geuza kwanza."

Alikuwa amesema kwa heshima. Lakini palikuwa na fundi mmoja pale aliyeitwa Redio, kwa sababu chochote kilichotokea alikitangaza, na Redio hakuwa na kitufe cha kuzimia. "Mwanafunzi anamfundisha mwalimu!" alitangaza. Watu wakacheka.

Uso wa Mama Uzi uliwaka moto. Angeweza kuigeuza, ni tendo la sekunde tatu. Ila macho kumi na mawili mara mbili yalikuwa yanamtazama, na akaona kwamba akigeuza atakuwa amekubali kuamriwa na mtu anayekula kwake. Akauweka mguu wake, buti zima, kwenye kozi ya juu, akasukuma. Matofali sita yakaanguka.

"Unanifundisha kazi niliyokufundisha? Hapa hakuna shemeji. Chukua mwiko wako uondoke."

Kijana aliokota mwiko, akauosha kwenye ndoo taratibu, pande zote mbili, kama afanyavyo kila siku. Akaokota na uzi wake, akauzungusha kwenye kijiti. Hakuna aliyecheka tena. Hata Redio alizima.

*

Nyumba haina ukuta wa kuzuia habari ya namna hiyo. Jioni ile chakula kilipowekwa mkekani, mama mkwe alisema hana njaa, na kile chakula alikiita "chakula chake", yaani cha Mama Uzi, kama cha jirani. Shemeji alikuwa chumbani kwake anakunja mashati. Alikuwa amepata habari ya kazi mahali pengine, mbali, angeondoka Jumamosi asubuhi.

"Mama, nilifanya kazi yangu tu," Mama Uzi alisema.

"Sijakuuliza."

"Pale kazini siwezi kuwa na ndugu. Wataniona napendelea."

"Sijakuuliza, mwanangu. Kula."

Chumbani alimgeukia mumewe, akitaka angalau mtu mmoja wa upande wake. Fundi saa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anavua soksi.

"Na wewe huna la kusema?"

"Mimi saa ikichelewa, mke wangu, siendi kugombana na jua."

"Usinianze na mafumbo yako!"

"Basi nimenyamaza." Akavua soksi ya pili.

Mama Uzi alilala amegeukia ukutani. Alikuwa na hakika kwamba ana haki, na hakika ile ilimnyima usingizi.

*

Alhamisi alirudi mapema, saa kumi, akiwa na zawadi ya upatanisho akilini. Mumewe alikuwa ametengenezewa meza mpya na seremala, pana kuliko ile ya zamani, na ndiyo kwanza ameiweka barazani. Mama Uzi hakujua kuomba radhi kwa maneno, lakini kupima alijua.

"Ngoja nikuangalizie kama imekaa sawa."

"Imekaa vizuri tu."

"Ngoja, bwana." Akaweka pimamaji. "Ona. Imelala kushoto." Akakunja kipande cha boksi, akakipachika chini ya miguu ya kushoto, akaongeza kingine, mpaka kipovu kikakaa katikati kabisa. Akapangusa mikono. "Sasa ndiyo meza."

Fundi saa alishukuru, akakaa, akafungua saa ya mteja, akaweka skrubu ndogo mezani. Ikabingirika kulia ikaanguka. Akainama, akaitafuta, akaiweka tena. Ikabingirika kulia ikaanguka. Mtu huyu angeweza kukaa kimya mpaka ukimya wenyewe uchoke.

Binti yao, aliyekuwa sakafuni na gololi zake, aliona mchezo. Akapanda kwenye kiti, akaweka gololi moja ya bluu upande wa kushoto wa meza. Gololi ikafikiri kidogo, kisha ikaanza safari, taratibu, halafu mbio, halafu tak! sakafuni.

"Mama! Meza inateremka!" Akaweka ya pili. Tak! "Inateremka! Bibi, njoo uone!"

Mama mkwe alikuja mlangoni. Mama Uzi alikuwa amesimama. Alijua tayari. Alinyoosha mkono, akaishika pimamaji, akaigeuza.

Kipovu kikakimbilia pembeni kabisa, kikajibanza.

Akaigeuza tena. Katikati. Tena. Pembeni. Aliona jiwe lile la Jumatatu, akausikia ule mlio ambao siku ile haukusikika kwa makofi. Ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu: zote zilikuwa sawa, na yeye, kwa ukali wake wote, ndiye aliyezilaza. Na ule wa shemeji ulikuwa sawa mara zote mbili.

Aliketi juu ya ngazi ya baraza. Na papo hapo, binadamu ni binadamu, akili ikaanza kumtafutia mlango wa nyuma. Angeweza kununua pimamaji nyingine kesho alfajiri. Angewaambia mafundi kwamba mhandisi amebadilisha mchoro, kuta zirudiwe. Nani angejua? Kofia ingebaki. Shemeji angekwenda zake, na muda hufuta mengi.

"Kwa hiyo kimeharibika kifaa?" mama mkwe aliuliza. Hakujua lolote la ujenzi.

"Kifaa, mama. Kilianguka."

"Na aliyekishika?"

Mama Uzi alimtazama yule mama. Hakukuwa na ukali katika lile swali, alikuwa anauliza kama mtu anavyouliza ajali imeua wangapi. Akainuka, akazunguka nyumba mpaka chumba cha nje.

Shemeji alikuwa anafunga zipu ya begi.

"Shemeji. Ukuta wako ulikuwa sawa."

"Najua."

"Nimekosa. Pimamaji yangu ilianguka, sikuigeuza. Uliniambia, nikakufukuza."

Kijana aliiacha zipu. "Kwamba ulikosea nilijua. Nilikuwa sijui kama utakuja kujua." Akaliweka begi chini. "Ulinifukuza mbele ya watu, shemeji. Ukitaka kunirudisha, nirudishe mbele ya haohao."

Hilo kwa Mama Uzi lilikuwa gumu kuliko kubomoa. "Saa moja asubuhi," alisema. "Njoo na mpira wa maji."

*

Ijumaa saa moja mafundi walimkuta amesimama juu ya rundo la mchanga, shemeji yake pembeni. Kofia nyeupe alikuwa ameishika mkononi. Akaweka pimamaji juu ya ubao, akawaita wasogee, akaigeuza mbele ya macho yao, mara mbili. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Kuta tatu nilizowarudishia zilikuwa sawa," alisema. "Nimezipindisha mimi. Huyu niliyemfukuza aliniambia nigeuze, nikaona kwamba nikigeuza nitaonekana mdogo. Namwomba radhi mbele yenu. Na ninyi nawaomba radhi. Mhandisi anakuja kesho saa sita. Nataka kuzibomoa na kuzisimamisha upya. Asiyetaka simlaumu, kosa ni langu."

Mahali fulani jogoo aliyechelewa akawika.

"Tangazo maalumu!" Redio akalipuka. "Msimamizi alikuwa anapima watu kwa kifaa kibovu siku tatu, na akatupigia kelele juu yake!"

Kicheko kikazuka. Mama Uzi alikuwa na jibu kwenye ncha ya ulimi, kali, la kumkata Redio vipande, maana ukuta wa Redio wa mwaka jana historia yake ilijulikana. Akalisikia likiwasha. Akalimeza, likashuka taratibu na lilikuwa na miiba.

"Ni kweli, Redio," alisema. "Umetangaza sawasawa." Akashuka, akachukua nyundo, akaenda kwenye ukuta wa kwanza, akaanza kubomoa mwenyewe.

Alibomoa tofali moja, la pili, la tatu. Shemeji akaja upande wa pili. Kisha mikono mingine. Tofali la kumi na tano alilipokea Redio mwenyewe, akalikwangua saruji, akalipanga. "Nisije nikakosa la kusimulia," alisema.

Saa nne wakati kuta zote tatu zimelala chini na uwanja unaonekana kama umepigwa na kimbunga, gari la mhandisi likaingia. Siku moja kabla.

Alishuka taratibu, akatazama kulia, akatazama kushoto. "Nani amebomoa?"

"Mimi," Mama Uzi alisema.

"Nani alikosea?"

Fundi mmoja alifungua mdomo amkingie kifua kwa uongo mdogo, jambo la mvua au mchanga. Mama Uzi alimuwahi. "Mimi. Pimamaji yangu ilianguka, sikuikagua siku tatu."

Mhandisi alinyoosha mkono. Mama Uzi akampa kofia nyeupe, na kwa kweli machozi yalimlenga, kwa sababu aliipenda kofia ile, aliipenda sana, nisiwafiche. Mhandisi akaitupa kwenye kiti cha nyuma cha gari. "Kesho saa sita nakagua kuta," alisema. "Sikagui maelezo."

Gari likaondoka. Mama Uzi akaenda kwenye sanduku la vifaa, akaitafuta kofia yake ya njano, akaivaa. Iliingia bila kukazwa.

"Haya," alisema. "Mpira wa maji huku."

Ile siku na asubuhi iliyofuata, waliofanya kazi pale wanaisimulia mpaka leo. Hakuna aliyekaa kivulini. Vibarua walisimama mstari, matofali yakapita mkono kwa mkono mpaka yakawa kama yanatembea yenyewe. Redio alitangaza kama mechi ya fainali: "Tofali linakwenda kwa mrefu, mrefu anampa mfupi, mfupi anachanganya miguu, jamani, analishusha, kozi! Kozi ya tatuuu!" Na watu wote, na vibarua wa zege, na mama aliyekuwa anapita njiani na ndoo, wakashangilia. Mama Uzi hakupaza sauti hata mara moja. Alikuwa ameinama kwenye kona, anapima, anauliza, "Wewe unaonaje? Na wewe?" Shemeji akisema inua, anainua. Saa kumi na moja ilipogonga, aliwaambia waende nyumbani. Waliangaliana. Redio akasema kipindi hakijaisha, na Mama Uzi alifika nyumbani watu wameshalala.

Jumamosi saa sita kasoro kumi walikuwa wanakwangua viungo vya mwisho. Mhandisi alipima kuta zote kwa chombo chake mwenyewe, akirudi nyuma, akiinama, akikunja jicho. Watu walisimama wamejishika viuno, hakuna anayepumua.

"Zimekaa," alisema mwishowe. Kelele iliyozuka iliwarusha ndege kwenye paa la jirani. Juu ya kofia hakusema lolote, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

*

Nyumbani mama mkwe alimtazama kichwa kwanza.

"Kofia iko wapi?"

"Imerudi kwa mwenyewe, mama."

"Na kuta?"

"Zimesimama."

Mama mkwe alimwangalia mwanawe mdogo, aliyekuwa ameingia nyuma ya shemeji yake, begi likiwa bado chumbani kwake, haliendi popote, kisha akaenda jikoni. Alirudi na sahani. Ya kwanza aliiweka mbele ya Mama Uzi, na juu yake palikuwa na kile kipande cha nyama ambacho katika nyumba ile hupewa anayeheshimiwa. Fundi saa aliinama chini ya meza yake mpya, akatoa vile vipande vya boksi, akavirusha uani. Binti yake akaweka gololi. Ikatulia.

Jumatatu asubuhi Mama Uzi alifika kazini na kofia yake ya njano, amejiandaa kumkuta msimamizi mgeni. Hakukuwa na mgeni. Mafundi walikuwa wamesimama kuzunguka ubao, hakuna aliyegusa tofali, kila mmoja na pimamaji yake mkononi.

"Mnangoja nini?" aliuliza.

"Wewe," Redio alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuongeza neno.

Mama Uzi akachukua pimamaji mpya aliyoazimwa, akaiweka ubaoni. "Haya. Geuza kwanza." Zikageuzwa zote.

Mhandisi alikuja saa nne. Mama Uzi alikuwa juu ya jukwaa, kwenye kona, anaweka tofali la mwisho la kozi. Chini kukawa na minong'ono, kisha miluzi, kisha makofi. Akatazama. Mhandisi alikuwa ameinua mkono, na mkononi ilikuwa kofia nyeupe.

Moyo ulimruka. Miguu nayo ilitaka kuruka.

"Nashuka!" aliita. "Namalizia hili." Akaliweka tofali, akaligonga mara mbili kwa mpini wa mwiko, akapima, akageuza, akapima. Kisha akaishika pimamaji kwa mikono yote miwili, akamkabidhi shemeji yake aliyekuwa pembeni, naye akaipokea kwa mikono miwili. Ndipo akashuka, ngazi moja baada ya nyingine.